Nguzo Zilizovaa Viatu

Mwanangu Zaituni,

Nguzo za baraza letu hazikuozeshwa na fundi Chande. Niliziozesha mie, baba yako, kwa mikono yangu na kwa elimu yangu, na kwa miaka kumi na minne nimeuacha mtaa mzima uamini vinginevyo. Hilo ni la kwanza. Lipo la pili, ambalo linakuhusu wewe kuliko linavyomhusu fundi, lakini sina ujasiri wa kuanza nalo. Nitalifikia. Ukiona nazunguka, nivumilie, najisogeza.

Sasa hivi ni alasiri. Umekwenda Goba kumuaga dada yako Mwamvua, na najua hatakuachia mpaka ule mara mbili. Basi lako la Mafinga linaondoka kesho alfajiri, kwa hiyo nafasi yangu ni hii. Nimekaa barazani, shuka magotini, karatasi nimeiweka juu ya sinia la chai. Hati imepinda. Nilifundisha watoto wa watu hati nzuri kwa miaka thelathini na sita, na leo mwenyewe nisingejipa zaidi ya nne juu ya kumi.

Sitakwambia habari za sweta. Dada yako ameshakupa mbili, na shangazi yako kapiga simu kutoka Tabora kuulizia ya tatu. Wala sitakwambia namna ya kuishi na mwenye nyumba au kuchemsha maji ya kunywa. Wapo wengi wa kukwambia hayo. Mie nina haraka ya mengine. Daktari alinieleza hali ya moyo wangu kwa Kiingereza ili nisishtuke, akasahau kuangalia kwenye faili kwamba nilikuwa mwalimu wa Kiingereza. Nikamwacha amalize, kisha nikamsahihisha sentensi moja. Wewe ulikuwa nje kwenye foleni ya dawa, ukatuona tunatoka tunacheka. Tulikuwa tunacheka kweli, lakini kipimo changu nimekijua. Usiahirishe safari kwa ajili hiyo. Nakukataza.

Kilichonifanya nichukue kalamu ni maneno yako ya Jumapili. Mlikuwa mnapanga nguo chumbani, wewe na Mwamvua, na dirisha lilikuwa wazi. Yeye alikuuliza kama kweli mtu wa miaka ishirini na saba anaacha kazi ya mapokezi kwenye zahanati na kwenda kujifunza useremala. Ukasema, "Sijui hata kama nina mkono wa kazi hii, dada. Fundi Chande mwenyewe alinikataa." Nilikuwa na kikombe mkononi. Nilikaa nacho mpaka chai ikapoa.

Ulikuwa na miaka sita tulipojenga baraza hili. Mama yako, Mungu amrehemu, alitaka mahali pa kukaa jioni jua lisimpige usoni. Fundi Chande alikuwa na karakana pale chini ya kilima, jirani na mashine ya kusaga. Unamkumbuka alivyokuwa: mfupi, kofia haivuki nyusi, penseli sikioni. Mzaramo wa Kisarawe. Nami ni Mnyamwezi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza tulikuwa watani wa kikabila, na hatukuwahi kusalimiana kama watu wazima. Nikifika karakanani ananiambia, karibu mpagazi, mzigo uache nje. Namuuliza kama leo kaamka afanye kazi au ngoma ya jana bado inamcheza. Mama yako alikuwa akisema tunamtia aibu. Lakini katika miaka yote niliyokaa Dar es Salaam sikupata rafiki aliyenichangamsha kama yule.

Alichonga nguzo nne za mninga, mraba, zimenyooka kama mstari wa rula. Akaniambia tumwage zege hadi usawa wa sakafu, juu yake tufunge chuma, na nguzo isimame juu ya chuma, vidole viwili kutoka kwenye zege. Lakini mie nilikuwa na kitabu. Kilikuwa cha Kiingereza, cha mambo ya ujenzi, nilikiazima maktaba ya shule na sikukirudisha hadi leo. (Hilo si lile la pili. Hilo ni dogo.) Kilikuwa na mchoro wa nguzo iliyozikwa ndani ya zege mpaka magotini, nyuma yake kuna nyumba na kitu cheupe kimelala juu ya paa. Chande alikiangalia kitabu kwa heshima, akauliza kile cheupe ni nini. Nikamwambia theluji. Akauliza theluji itafika lini Kimara, anunue koti mapema.

Nikamwambia sayansi haina mipaka. Hapo akaacha utani, jambo alilolifanya mara chache sana mbele yangu.

"Mwalimu, mti hata ukikatwa bado unakunywa. Mdomo wake uko chini. Ukiuzika kwenye zege umeuwekea kikombe."

Nikamjibu kwamba kazi yake kuchonga, hesabu aniachie mie. Alichonga, akaleta nguzo, akaondoka. Kumwaga zege alikataa, akasema mkono wake hautaki kuwemo. Nilimwaga mwenyewe Jumamosi moja, kitabu kimefunguliwa juu ya ndoo, na nilipomaliza nikashika kiuno nikajipongeza. Ulikuwa umesimama mlangoni. Ukanipigia makofi.

Mwaka wa tatu nguzo zikaanza kuwa nyeusi miguuni. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, kidole kikaingia. Sikumwita Chande. Nilinunua saruji, nikaizungushia kila nguzo chini, kimo cha shibiri moja hivi, nikapiga niru, uji wa saruji tupu, juu yake mpaka ikang'aa. Mama Zawadi, jirani yetu wa mbele, alipita asubuhi akasimama kuangalia. Akasema, Mwalimu, nguzo zako zimevaa viatu. Alisema kwa kupendezwa, akaniomba nikamfanyie na yeye.

Hapo ndipo ualimu unapokuwa hatari, mwanangu. Mtu mwingine akikosea, anakosea nyumbani kwake. Mwalimu akikosea, watu wananakili. Kabla ya Ramadhani kwisha nyumba tano za mtaa huu zilikuwa zimevaa viatu, nami napita mlango kwa mlango kama bwana afya, naelekeza vipimo. Na mabaraza yote matano yalikuwa kazi ya mkono wa Chande. Alipoona alinivuta pembeni akaniambia maji yataingia kwa juu na hayatapata pa kutokea. Nikamwambia Wazaramo mnaogopa viatu kwa sababu mmevizoea ukubwani. Akacheka, akaenda zake.

Miaka hiyo wewe ulikuwa huonekani nyumbani. Ukitoka shule unatupa begi, unashuka kilima. Tulikuwa tunakukuta karakanani umekaa kwenye maranda ya mbao, umefumba macho, fundi anakupitishia vipande vya mbao puani, unataja: mninga, mkongo, msonobari. Ulikuwa hukosei. Chande alikuwa akiita wateja waje waone. Alikuachia randa ukiwa na miaka kumi, na mama yako alipogomba alimwambia kwamba mtoto anasikiliza mbao, mwache.

Sasa siku ya ndoa ya Mwamvua. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, najua hukusahau, lakini hukuiona kutoka pale nilipokuwa mie. Baraza limejaa wanaume wanakula. Mjomba wako Athumani, na unamjua mwili wake, akatafuta pa kuegemea, akaegemea nguzo ya karibu na mlango. Mguu wa nguzo ukateleza kando kama droo inavyofunguka. Mjomba akaketi sakafuni polepole, sahani ya pilau mkononi, hakumwaga hata punje. Na nguzo ikabaki inaning'inia kutoka juu, inabembea. Kumbe kwa muda wote ule si nguzo zilizobeba paa. Paa ndilo lililobeba nguzo.

Watu wakaacha kula. Wakaniangalia mie, kwa sababu kila mtu pale alikuwa amewahi kusikia mhadhara wangu wa viatu. Na Chande alikuwa amekaa katikati yao, kanzu nyeupe, mkono kwenye wali. Nilimwona anainua uso. Kabla hajafungua mdomo nikawahi.

"Msiniangalie mie. Muulizeni huyo Mzaramo, ndiye aliyetuuzia muhogo akasema mninga."

Baraza likalipuka kwa kicheko. Chande naye akacheka, maana mtani haruhusiwi kununa. Akajibu, "Na wewe mpagazi, paa si ungelibeba kichwani? Ndiyo kazi iliyokuleta pwani." Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Ulikuwa utani mzuri, mmoja kati ya mizuri tuliyowahi kufanya, na kama ungeishia pale nisingekuwa na barua ya kuandika.

Lakini wenye zile nyumba tano walikuwepo. Masika yaliyofuata nguzo zao nazo zikaanza kuoza na kuchungulia nje ya viatu, na hakuna aliyekumbuka niru yangu. Walikumbuka muhogo. Neno likashuka kilima, likafika Mbezi, likafika huko Goba: usimpe Chande kazi, anauza muhogo. Na yeye angefanya nini? Angepita nyumba kwa nyumba kusema si kweli, wangemwambia, mzee, ule ulikuwa utani, unanunia utani wa mtani wako? Nilikuwa nimemfunga kwa kamba ambayo yeye peke yake haruhusiwi kuikata. Mie niliruhusiwa. Ilihitajika sentensi moja tu, na sentensi ndiyo kazi niliyolipwa maisha yangu yote kuifundisha.

Haukupita mwaka akafunga karakana, akahamia Kiwalani kwa dada yake, akawa anatengeneza vitanda. Tuliagana huku tunacheka. Nilisema pwani sasa itapumua. Kicheko kile ndicho kilichonisaidia kulala, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu aliyeumia hachekagi vile.

Tangu hapo nguzo zetu zimebadilishwa mara mbili, unajua. Kila mara fundi mwingine, mashimo yaleyale, viatu vilevile, kwa amri yangu. Nilikuwa najua, na bado nikaamuru, kwa sababu kubadilisha namna ya kuzisimamisha kungekuwa kukiri. Huko uendako utakutana na watu wenye maneno mengi kama mie, na wengine wasiojua kusoma mchoro lakini mti wanaujua. Sina la kukufundisha juu yao, maana wewe tangu mtoto ulijua wa kumsikiliza. Nakueleza tu ilivyonigharimu mie.

Halafu masika ya mwaka huu nguzo ya mlangoni ikainama tena, nawe ukasema hutaondoka ukaniacha chini ya paa la namna hii. Nilikaa kwenye kiti hikihiki nikakutazama kwa wiki mbili, na sijawahi kuburudika vile tangu nistaafu. Ulisimamisha mirunda miwili chini ya boriti, ukaazima jeki ya gari kwa mume wa Mama Zawadi, ukanyanyua paa kidogo, upana wa kidole, nguzo ikalegea yenyewe. Ukakata. Ukavunja kiatu changu cha saruji kwa nyundo na patasi, vipande vikaruka mpaka kwenye kikombe changu. Kisiki kilichobaki shimoni kilikuwa laini juu na kigumu chini. Laini ukakichota kwa kijiko. Kigumu ukakitoboa kwa drili, ukazamisha skrubu ndefu, ukaishika kwa mtaimbo, ukaegemea kwa uzito wako wote. Kikatoka kama jino. Nilikuwa karibu kupiga makofi.

Ukaingiza mkono shimoni mpaka kwenye kiwiko, ukautoa unachuruzika maji meusi. Ukasema, "Baba, hili si shimo, hii ni ndoo. Nani alimwaga zege hivi?"

Nikasema, "Fundi."

Nilisema hivyo wiki tatu zilizopita, nikiwa na akili zangu timamu, mtu mwenye dawa saba kwenye kibweta. Ukasema basi fundi huyo alikuwa hajui kazi, ukaendelea. Nikaongeza sukari kwenye chai ili nifanye kitu.

Uliyajaza zege mashimo yote manne, ukayatengenezea mgongo ili maji yateremke, ukapachika vyuma ulivyochomelewa hapo barabarani, na nguzo mpya ukazisimamisha juu ya vyuma. Nikakuuliza kwa nini umeacha ule uwazi chini, au mbao zilipungua. Ukasema bila kuinua kichwa kwamba mti usipoinuliwa unakunywa maji, utaoza tena. Ukapima uwazi kwa vidole vyako viwili. Sijui kama ulilisikia kwa Chande utotoni au ulilitoa kichwani mwako. Najua tu kwamba nilijiona mjinga kwa furaha, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake kamshinda mbele ya ubao.

Alhamisi nilikuaga nakwenda kliniki. Sikwenda. Nilichukua bajaji mpaka Kiwalani, na dereva alinisaidia kushuka kama anashusha mayai. Chande alikuwa amekaa kwenye kigoda anapiga msasa kitanda, nywele zote nyeupe. Akaniangalia toka unyayo hadi kofia, akasema alidhani Mnyamwezi ameshazikwa, na amekasirika kwa kutoalikwa. Sikumjibu utani. Nilimwambia kwa maneno niliyoyapanga njia nzima: zege nilimwaga mie, viatu nilivivalisha mie, na siku ile ya harusi nilijua nasema uongo kabla sijausema. Nikamwomba anisamehe.

Aliweka msasa chini.

"Umeniharibia, Mwalimu," akasema. "Miaka yote hii nasubiri ufe, nije msibani nikuseme mbele ya watu, maana pale mtani hazuiwi. Hotuba ninayo, nimeipiga randa mpaka imelainika. Sasa nitasema nini?"

Tukacheka mpaka mie nikakohoa na dada yake akatoka ndani na maji. Alinisamehe, Zaituni. Hakulisema neno lenyewe, alisema nikae, kisha akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma, akaniomba nihakikishe kama ni mninga.

Nikamwonyesha kwenye simu picha ya nguzo zako. Aliikuza kwa vidole, akaenda chini kwenye vyuma, akaangalia ule uwazi. Akauliza ni kazi ya nani. Nikamwambia. Hakucheka tena.

"Na mtoto, umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi kwangu hujaja kuomba msamaha. Umekuja kutembea."

Ijumaa, baada ya swala, nilisimama nje ya msikiti wetu, nikawaomba wale wenye nyumba tano wasiondoke, nikawaeleza yote. Wawili walikuwa wameshafariki, wakasikiliza watoto wao. Nilitegemea watanuna. Mume wa Mama Zawadi alinishika mkono, akaenda zake. Jioni mkewe mwenyewe akaja mpaka hapa barazani, wewe ukiwa dukani, akanisalimia kwa adabu zake zote, akauliza, kwa hiyo Mwalimu, viatu vyangu nivivue? Nikamwambia avivue, na kazi ampe Chande. Amempa. Anaanza wiki ijayo.

Kwa hiyo la kwanza limekwisha, na kama lingekuwa peke yake ningekufa mtu mchangamfu. Karatasi imebaki nusu na jua limefika kwenye kizingiti. Nasikia geti la jirani, nadhani ni wewe, kumbe si wewe.

Wiki moja baada ya ndoa ya Mwamvua ulitoka shule, ukatupa begi, ukataka kushuka kilima. Nilikuita. Nikakukalisha hapa, nikakwambia usiende tena, kwa sababu fundi Chande amesema hafundishi wasichana, na kwamba mkono wako si wa kazi ile. Ulinisikiliza mpaka mwisho. Hukulia mbele yangu. Hukushuka kilima tena hata siku moja, na alipokuwa akipita barabarani ulikuwa unaingia ndani. Mama yako aliniuliza kuna nini. Nilimwambia umekua.

Nilichoogopa ni kwamba siku moja, katikati ya kazi, angekueleza nani alimwaga lile zege. Mtaa mzima ungeweza kujua, ningevumilia. Wewe ulikuwa umenipigia makofi.

Chande hakukukataa. Alipanda kilima mara mbili kuniomba nikuruhusu, akasema katika maisha yake hajaona mtoto mwenye mkono kama wako, na mara zote mbili mie ndiye niliyekataa.

Baba yako